Dada Yetu na Seva Mbili Zisizopatana

Marehemu dada yetu, ambaye kazini walimwita Mama Seva, alizaliwa Jumapili tarehe 12 Mei 1968, katika chumba cha nyuma ya duka la baba la kutengeneza redio. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Mama anasema alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakushikika.

Alianza shule mwaka 1975. Ripoti zake zote ziliimba wimbo mmoja: ana akili, ila hatulii kitini. Mwaka 1986 alijiunga na chuo cha ufundi wa umeme, msichana peke yake darasani. Mwalimu alipomuuliza kama amepotea njia, alijibu, "Sijapotea, mwalimu. Naomba nipishwe nikae mbele."

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, mtu wa polepole. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1997 aliajiriwa hospitalini kama fundi wa kompyuta. Kulikuwa na seva mbili, moja katika kila jengo, zilizotunza orodha ya wafanyakazi na nywila zao. Zilipaswa kunakiliana: jina likiingizwa huku, lionekane na kule. Zilizeeka, naye akazeeka nazo. Mwaka 2019 seva ya jengo la zamani ilizimwa miezi minane, paa likitengenezwa. Asubuhi ya tarehe 4 Novemba aliiwasha. Kwa kuwa ilibaki na orodha ya zamani, kabla ya adhuhuri watu walioacha kazi walikuwa wamerudi kwenye orodha, na wauguzi wapya wa jengo lile walishindwa kufungua mafaili ya wagonjwa wao.

Muuguzi mkuu alimpigia simu. "Mama Seva, naona jina la yule mfamasia tuliyemzika Aprili. Linaonyesha bado anaruhusiwa kutoa dawa."

Dada alishuka ngazi mbio. Msimamizi wake alitaka seva zote mbili ziachwe hivyo hivyo hadi zije mpya. "Tukizima, tutaulizwa," alisema.

"Mgonjwa akipewa dawa isiyo yake, tutaulizwa vilevile," dada akamjibu. "Mimi ndiye niliyeiwasha bila kuangalia imelala muda gani. Andika jina langu."

Akachomoa waya wa mtandao wa seva ile, akawarudisha wauguzi kwenye karatasi. Kwa siku tatu, akipanda na kushuka kati ya majengo mawili, alipitia majina 614 moja moja pamoja na muuguzi mkuu. Jina la mfamasia alilifuta la mwisho. Alisita kidogo, akalifuta, akatoka nje. Hakuna mgonjwa aliyedhurika.

Siku ya pili ya kazi hiyo alikuwa na miadi ya kupimwa tumbo. Hakwenda. Ya Januari pia hakwenda. Shemeji alimsihi, "Mke wangu, mashine hizo zina watu wengine." Naye kila mara, "Wiki ijayo." Machi 2022 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo. Alipasuliwa mara mbili, na katikati alirudi kazini hadi alipostaafu Julai 2023. Kama angewahi, ingekuwaje? Daktari hakutaka kutuambia. Wengine wetu tumeacha kuuliza.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, dada akiwa kitandani nyumbani, shemeji hakutulia hata kidogo: mara aweke mto sawa, mara afungue pazia, mara akalete maji.

"Kaa," dada akamwambia. "Unanichosha kukutazama."

Akakaa, akamshika mkono. Saa nne na nusu dada yetu akakata roho.

Ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, mama yetu mzazi, sisi wadogo zake wanne, na wenzake wa hospitali waliosimama nasi hapa leo.

Mungu ampe dada yetu pumziko jema, nasi atupe subira.