Siku Niliyokataza Mvua Kashikishi

Sifa kwa Mungu aliyeumba ziwa la Mweru na mvua yake, na hakuniomba ushauri! Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Nchelenge, upande wa Zambia, nilivuka kutoka Kilwa ya Kongo nikiwa kijana, na mwaka uliopita Bwana aliniokoa. Najua mtashangaa. Mtasema, mzee huyu si aliokoka zamani? Ndiyo, niliokolewa kutoka kwa pombe, nikaokolewa kutoka kwa tumbako. Lakini kujua yote kulibaki ndani yangu, nako kulikuwa kumenona.

Nilimfundisha mvuvi kuvua. Nilimfundisha mshonaji kushona. Mke wangu, bana Musonda, ndiyo kusema mama ya Musonda, kama mimi ni bashi Musonda, baba yake, mzaliwa wa Mununga, alizaliwa kati ya samaki, na mimi nilimfundisha kuanika chisense. Ninyi wa hapa mnawajua wale samaki wadogo: wapate jua la siku moja juu ya mchanga, wamekuwa mali, wapate mvua, wamekuwa uji.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka jana, pale ufukweni Kashikishi, mke wangu alikuwa ameanika mzigo mkubwa. Karibu na saa sita upepo ukageuka. Wamama wa ufukweni wana desturi nzuri: upepo ukigeuka, mmoja anaita, na wote wanakusanya samaki wa wote, bila kuuliza ni wa nani. Wakaja mbio na vikapu. Ndugu zangu, niliwazuia! Nilisimama katikati ya chisense na Biblia mkononi, nikawaambia kwamba nimekwisha kuikataza mvua ile, na mwenye kugusa samaki mmoja ni mutu asiye na imani.

Mvua haikuwa imesikia.

Ilishuka kama mtu anamwaga pipa. Maji yakatoka barabarani, yakapita kati ya miguu yangu, yakawabeba chisense waliokuwa wamekufa tangu alfajiri, nao wakarudi ziwani wakielea vizuri, kama wamefufuka. Niliendelea kukemea mpaka Biblia ikalowa hadi Waebrania.

Bana Musonda hakupiga kelele. Alikunja mikeka yake, akafunga kitenge, akaniambia kwa sauti ya chini, “Bashi Musonda, nimechoka kukaa na mutu anajua yote. Naenda kwa kaka yangu Mununga. Siku utajua kuuliza, utanikuta kule.”

Akapanda lori la wachuuzi wa samaki. Nikawaambia majirani atarudi siku ya tatu. Mwezi ukapita. Nilipika bwali, ndiyo ugali, mwenyewe. Kuku wa jirani walionja, wakaenda zao. Nyumba ilinyamaza, nikagundua kwamba mafundisho yangu yote yalikuwa na msikilizaji mmoja tu.

Nikaenda kwa mchungaji wetu, nikitaka amwandikie mke wangu barua kali juu ya utii. Mchungaji akaniuliza swali moja. “Tata, mama anapenda nini?”

Ndugu zangu, nilijua safari zote za Paulo, bandari kwa bandari. Juu ya mke niliyeishi naye miaka thelathini sikujua hata kitu kimoja. Nilikaa pale mpaka nikalia, na katika kulia kule Bwana akanishika!

Nilirudi ufukweni kwa wale wamama niliowazuia, nikawaomba wanifundishe upepo. Bana Chola, mkubwa wao, alitengeneza kitenge chake kwanza. “Nabii amekuja shule,” akasema. “Kaa kwa mchanga, nabii. Hapa hatuna kiti ya wazee.” Nikakaa. Wakanionyesha namna vilima vya Kongo, ng'ambo ya ziwa, vinaonekana kusogea karibu kabla ya mvua. Wakanifundisha pia kusema “sijui”. Neno hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kisha nikapanda lori kwenda Mununga, na plastiki kubwa nyeusi chini ya kwapa. Njiani nilitayarisha hotuba ya sehemu tatu. Nilimkuta bana Musonda kwa kaka yake, mbele ya vikapu vya chisense wabichi. Hakunisalimu. Aliniuliza tu, “Tuanike ao tungoje?”

Nilitazama vilima. Rai nilikuwa nayo! Mdomo ulifunguka. Mungu akaufunga.

“Sijui,” nikasema. “Weye unaona namna gani?”

Shemeji yangu aliangusha kikapu. Mke wangu aliangalia mbingu muda mrefu sana. “Na mimi sijui,” akasema, na akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

Tulianika. Niliomba kwa maneno machache, nikaweka plastiki karibu. Mvua ikaja mchana, tukafunika. Hakuna samaki hata mmoja aliyerudi nyumbani kwake.

Siku ile ile alifunga mzigo wake, tukapanda lori kurudi nyumbani. Lori liliposimama njiani nikanunua chai, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza anataka vijiko vingapi vya sukari.

“Hata kimoja,” akasema.

Miaka thelathini, ndugu zangu, nilimtilia vitatu.

Wewe unayesoma, mwamini Bwana, naye atakufundisha hata uzeeni. Akupe imani ya kuomba na plastiki ya kufunika. Na yule anayekunywa chai yako kimya, Mungu akubariki leo umuulize.