Thadeus na Mtandao wa Migomba

Ifikapo tarehe 31 Desemba 1999, Thadeus Nyamweya atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika Duka la Gautam na Wanawe, hapa Kisii mjini. Atarudi kwake Sironga akiwa na meno yote isipokuwa mawili.

Alianza mwaka 1968 kama fundi wa taipureta. Mzee Gautam alimwajiri kwa sababu ya vidole vyake vyembamba. Vidole hivyo havipo tena, Persis mkewe amevinenepesha kwa matoke. Tulipoletewa kompyuta ya kwanza, Thadeus aliifungua, akatafuta mahali pa kutia mafuta. Tulimzuia kopo likiwa mkononi.

Mwaka 1997 mambo yalikaza. Bwana Umesh, mwana wa Mzee, alipata kazi ya kuunganisha kompyuta za ofisi za Kenyenya na Nyamira. Akatangaza kwamba fundi asiye na cheti cha uhandisi wa mitandao ya kompyuta ataachishwa kazi mwisho wa Machi 1998. Thadeus alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Vijana wa karakana wakamwambia, "Mzee, nenda ukachunge ng'ombe." Akawajibu kwamba ng'ombe wake hawajamkosea kitu.

Kompyuta za kufanyia mazoezi hakuwa nazo. Basi nyuma ya nyumba yake alifunga kamba za katani kutoka mgomba mmoja mnene wa katikati hadi migomba sita ya pembeni. Ile sita ndiyo kompyuta, na ule wa katikati ndio kisanduku kinachoziunganisha. Kila jioni alizunguka na daftari akiongea na migomba, hadi majirani wakaanza kumwombea kanisani.

Desemba ikaja na sherehe za kutahiri. Wageni wakajaa, na mgeni lazima ale. Persis akachukua panga, akaangusha mgomba wenye mkungu mkubwa kuliko yote, ule wa katikati.

"Mama Lewis, umeua mtandao wote!"

"Baba Lewis, mtandao uko sufuriani. Kaa ule."

Alikula. Lakini aliona kwamba kamba zote sita zilikuwa nzima, na bado zote zimelala chini.

Februari, kwenye mtihani wa vitendo Nairobi, kompyuta sita zilinyamaza kwa mpigo. Wenzake walitambaa chini ya meza wakipima waya mmoja mmoja. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha kati, akakuta kimekufa, akakibadilisha, akaketi. Msimamizi alidhani mzee amekata tamaa.

Cheti kilifika kwa posta zikiwa zimebaki siku tisa. Bwana Umesh alikisoma mara mbili, akampa kazi yote ya Kenyenya na Nyamira. Wale vijana wa ng'ombe nao hawakuwa na cheti; wawili wao Bwana Umesh aliwabakiza wawe wanafunzi wake hadi leo. Amewafundisha vizuri, na amewacheka vizuri zaidi.

Basi Thadeus anatoka kwa mlango wa mbele, umri umetimia, hakuna aliyemsukuma. Asante kwa kazi, ndugu yetu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na miaka mingi ya kutosumbuliwa na mtu. Ila simu ya dukani ikilia, ipokee: mpaka wale wawili wafaulu mtihani, mwenye cheti bado ni wewe tu.