Shali ya Mikono Miwili

Ndani ya tramu ya Rabat, Ghizlan alikuwa akifuma shali ambayo marehemu mama yake aliiacha nusu. Ajuza aliyekaa ubavuni pake alishindwa kunyamaza.

"Mwanangu, huku juu pamekazwa vizuri, huku chini pamelegea kama wavu. Fumua yote uanze upya."

"Ya juu ni kazi ya mama, Lalla," Ghizlan alimjibu bibi huyo kwa heshima. "Alitaka kunifundisha, nikamwambia aningoje, naangalia tamthilia."

"Sasa kakufundisha nani?"

"Simu."

"Inaonekana."

Ajuza akamnyang'anya sindano, akafuma vishono vichache vilivyokaza sawasawa na vya marehemu. Tramu iliposimama akashuka, wala hakuaga. Ghizlan akabaki akivipapasa vile vishono, asijue avifumue au aviache.