Grisi ya Tata Kabamba

Safi alipakata gurudumu la baiskeli yake ndani ya basi la Dilala, kama mama na mtoto wake mchanga. Leo angeshindana na vijana wa machimbo kuruka mawe kwa baiskeli hiyo, ambayo sehemu yake nyingine ilifungwa juu ya basi. Aliligusa kidogo, roue libre, kile kifaa cha kitovuni kinachofanya pedali zishike gurudumu, ikalia tik-tik. Mzee wa kando yake, Tata Kabamba, akakunja uso.

"Hii inalia njaa, mama! Nunua mupya, ujaze grisi ya camion, ile ya magari makubwa. Baiskeli yangu iko kule juu ya bus, niliijaza jana."

"Mupya, ya zamani, yote inakufa na grisi, tata. Baridi ya asubui inaigandisha, tumeno twa ndani tunanata, hatushike tena. Mi nasafisha na pétrole ya taa, natia matone mbili ya mafuta ya mashini ya kushona. Miaka ine haijaniangusha."

"Kwani unashona robe?"

Basi zima likacheka, hata dereva, ambaye hakuulizwa.

Liliposimama, katika baridi ile ile ya asubuhi, mzee akashushiwa baiskeli, akapanda kwa madaha, akakanyaga. Pedali zikazunguka bure, gurudumu halikutikisika.

"Ni munyororo!" akafoka, akiisukuma baiskeli kwa mikono.

Safi akatoa gurudumu lake dirishani, akalizungusha, tik-tik-tik, mpaka basi likakata kona.