Vidonge Nilivyovitupa Baada ya Kushangiliwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na leo naomba msishangilie mpaka nimalize.

Wengi mnanikumbuka. Mimi ndiye yule fundi mapazia niliyesimama hapa Jumapili moja kabla ya masika, nikasema nimefunguliwa kutoka kwenye huzuni na hofu, na kwamba vidonge vya hospitali nimeshavitupa. Mlipiga vigelegele. Mama mmoja safu ya nyuma alirusha kitambaa chake juu. Sasa, ndugu zangu, wakati nayasema yale, vidonge vyangu vilikuwa nyumbani juu ya kabati, salama kabisa. Sikuwa nimevitupa. Nilivitupa mchana ule, baada ya ibada, chooni, kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia kwamba nimevitupa na sikutaka kuwa mwongo.

Mtu mwenye akili akisema uongo anarudi kuufuta. Mimi niliufanya uwe kweli. Ndiyo maana leo nimeandika kwenye daftari na ninasoma. Mara ya mwisho niliposema bila kuandika, mdomo ulitangulia.

Naitwa Elia. Mimi ni mtu wa ndani. Nilizaliwa Ilala, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikahamia Kariakoo, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa hiari yangu. Nina chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji sita, uchochoroni nyuma ya maduka ya vitambaa. Kitambaa kinaletwa, nashona, pazia linachukuliwa. Kelele zote za sokoni nazipata bure kupitia dirishani. Mvua kubwa ikinyesha, bonde la Jangwani likajaa maji na njia zikafungwa, wenzangu wanalalamika. Mimi najisikia kama nimepewa likizo na serikali.

Kwa hiyo nilipoanza kuumwa hakuna aliyejua, hata mimi. Mtu asiyetoka akiacha kutoka, nani atagundua? Nilianza kuamka alfajiri moyo unakimbia kana kwamba kuna mtu anagonga mlango, na hakuna mtu. Chakula kikawa hakina ladha. Nilikaa mbele ya cherehani nikiangalia pindo la pazia saa nzima nisijue nianzie wapi, mimi niliyeshona mapindo miaka kumi na minne. Simu ikiita nafunika na mto. Nikawa nawaza kwamba nisipokuwepo hakuna kitakachopungua. Nilikuwa siwazi kwa kulia, ndugu zangu. Niliwaza kwa utulivu tu, kama mtu anayepima kitambaa. Leo ndiyo najua kwamba utulivu ule ulikuwa hatari kuliko kilio.

Mungu alinitumia jirani. Mama Shani anakaa chumba kinachotazamana na changu, anauza udi na mafuta ya manukato pale pale barazani, na haongei kwa kuzunguka. Siku moja alisukuma mlango akasimama, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Mama Shani," nikasema nikiwa chini ya shuka.

"Marahaba. Cherehani yako imenyamaza siku ya nne leo. Umekufa?"

"Sijafa."

"Basi amka uoge. Tunaenda hospitali."

Nikamwambia siumwi popote. Akasema marehemu mume wake naye alikuwa haumwi popote, na alikaa hivyo hivyo mwaka mzima mpaka alipopelekwa kwa daktari wa akili, akapewa dawa, akarudi kuwa mtu wa kugombana naye. "Oga," akasema. "Unanuka."

Tulikwenda kwa miguu. Pale Mnazi Mmoja, uwanja mzima mweupe mbele yangu, watu wanapita na mambo yao, miguu yangu iligoma. Jasho, pumzi fupi, kifua kimebana. Nilijua ndiyo nakufa. Nilishika kishikio cha kikapu cha Mama Shani nikavuka nacho mpaka ng'ambo, mwanaume wa miaka arobaini na moja, kama mtoto anayepelekwa chanjo.

Daktari alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Kwa uoga nikamwamkia shikamoo. Akacheka, akasema, "Kaka, hiyo nilipaswa kukupa mimi." Akaniuliza maswali mengi, pamoja na lile la kama nawaza kufa. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama nina mzio wa dawa. Nikamjibu kweli, mara ya kwanza kumwambia mtu. Akaniambia ugonjwa wangu una jina, unaitwa sonona, na ile ya uwanjani ni hofu iliyopitiliza, na vyote viwili vinatibika. Akaniandikia vidonge, na akanipangia kuonana na mshauri wa kuongea naye kila baada ya wiki mbili.

Halafu akanieleza. Laiti ningemsikiliza kwa masikio yote mawili! Alisema hii si kama dawa ya maumivu ya kichwa, kwamba unameza sasa na baada ya saa moja unacheka. Alisema nafuu inaweza kuanza wiki ya pili au ya nne, na kukamilika ni baadaye zaidi. "Lakini maudhi yatatangulia," akasema. "Wiki ya kwanza utanichukia. Yakiwa mengi, au yale mawazo ya kufa yakizidi, usisubiri tarehe yako. Njoo siku hiyo hiyo. Na usiache ghafla, hata ukijisikia vizuri. Hasa ukijisikia vizuri."

Maudhi yalitangulia kweli. Siku za mwanzo tumbo lilichafuka, mdomo ukakauka kama nimelamba chaki, na nikawa napiga miayo mpaka Mama Shani akaniuliza kama nataka kummeza. Usingizi ulikuja mchana ukaniacha usiku. Hofu yenyewe iliongezeka kidogo kabla ya kupungua, na hapo ndipo watu wengi wanakimbia. Nilimpigia simu yule daktari. Akasema nimeze asubuhi baada ya chai, nivumilie, nimwambie ikizidi. Haikuzidi. Wiki ya pili tumbo likatulia.

Wiki ya nne niliamka nikajikuta nimefagia chumba. Sikukumbuka kuamua kufagia. Nikashona pazia moja, ringi zote zimenyooka. Chai ikawa na ladha ya tangawizi. Ndugu zangu, ukitoka gizani hata tangawizi ni habari kubwa!

Jumapili ile nikaja kanisani. Ukafika muda wa shuhuda. Mnajua utaratibu wetu: ushuhuda mzuri hauna "kidogo." Hakuna mtu anayesimama hapa kusema Bwana amempunguzia asilimia fulani na anaendelea na matibabu. Nilisimama nikasema nimepata nafuu. Mkasema amina, ya kawaida. Nikasema nalala vizuri. Amina ikapanda. Nikaangalia zile nyuso zote zilizonigeukia, mimi ambaye sigeukiwi na mtu, na nikasikia sauti yangu inasema: "Na vidonge nimevitupa!" Yaliyofuata mnayajua. Niwaambie wazi: Mchungaji hakuniambia nitupe. Mwenyekiti wa maombi hakuniambia. Mungu naye, kwa kadiri ninavyoweza kuthibitisha, hakuniambia. Vigelegele ndivyo vilivyoniambia.

Siku tatu baada ya kutupa, kichwa kikaanza kupiga shoti. Nasema shoti kama za umeme, nikigeuza macho tu, zzt. Kizunguzungu. Hasira: nilimgombeza paka wa jirani mpaka nikamwomba msamaha. Nilidhani ni majaribu. Kumbe ndiyo maana niliambiwa nisiache ghafla, mwili ulikuwa unadai ulichonyang'anywa. Shoti zilikwisha, nikasema ushindi. Halafu, wiki chache mbele, ugonjwa wenyewe ukarudi, ukakaa kwenye kiti chake kana kwamba ulikwenda dukani tu. Cherehani ikanyamaza. Na safari hii nilikuwa na mzigo wa ziada: sikuweza kurudi hospitali, kwa sababu kanisa zima lilijua nimepona. Mama Shani alinigongea, nikamjibu kwa ndani kwamba nimefunga na kuomba. Hilo aliliheshimu, akaondoka. Nilitumia hata heshima yake kwa mambo ya dini kumdanganya.

Mtu aliyenitoa pale ni Dada Upendo wa kwaya. Amenipa ruhusa nimtaje, akasema mngemjua tu. Alikuja alasiri, akakaa kwenye kigoda mlangoni, macho yamezama. Mimi nilikuwa nimejifunika kitambaa cha pazia la mteja, la maua makubwa, sina hata aibu.

"Kaka Elia," akasema, "na mimi nilikuwa natumia vidonge kama vyako. Nilikuwa sijamwambia mtu. Uliposhuhudia, nikavitupa."

Nikakivuta kile kitambaa mpaka kidevuni.

"Sasa mbona mimi sipati kile ulichopata wewe? Kila siku nazidi kushuka. Jana nimewaacha watoto hawajala, nimekaa tu nawaangalia. Nawaza mambo ambayo siwezi kuyasema." Akafuta pua. "Niambie ukweli. Imani yangu ndogo?"

Ndugu zangu, hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kumshika mkono, nikamwombea, akaenda zake, na sifa yangu ikabaki nzima. Niwakirie jambo baya: nilifikiria. Nilifikiria kwa muda wa kutosha kuona aibu. Halafu nikamtazama mtu ambaye angeweza kufa kwa kuniamini mimi, mimi niliyeshindwa hata kuoga.

"Dada Upendo," nikasema, "sijapona. Siku nashuhudia nilikuwa sijatupa. Nilitupa baadaye. Na tangu nitupe nimekuwa hivi unavyoniona."

Aliniangalia mimi, akaangalia yale maua makubwa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, na mimi nikaingia humo humo kwenye kulia. Mlango wa pili ukafunguka, maana kuta zetu ni za jina tu, na Mama Shani akasimama katikati ya korido.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili," akasema. "Haya. Nani anaoga kwanza?"

Hatukusubiri kesho. Alitupeleka jioni ile ile, kitengo cha dharura, kwa sababu ya yale ambayo Upendo alisema hawezi kuyasema. Aliyasema huko. Walimlaza siku chache, dada yake akaja kukaa na watoto. Mimi nilirudishwa kwa yule daktari wangu. Nilitegemea matusi. Akasema tu, "Tunaanza upya, kwa dozi ndogo." Akasema wengi huacha wakijisikia nafuu, na wengi hurudi. Nilimwambia mimi niliacha kwa sababu ya vigelegele. Akaacha kuandika, akaniangalia, akasema hiyo hajawahi kuisikia.

Leo ni mwezi wa tisa tangu tuanze upya. Niwape hali halisi bila kupandisha amina. Vidonge havijanipa furaha ya kuruka. Ni kama mtu amepunguza sauti ya redio ya jirani, sasa naweza kusikia mawazo yangu mwenyewe. Nimenenepa kidogo. Jasho linanitoka bila kazi. Kuna kipindi nilikwenda msibani nisipate hata chozi, nikaogopa kwamba nimekuwa jiwe. Nikamwambia daktari, akarekebisha dozi, na juzi nimelia vizuri kabisa kwenye harusi. Mshauri ananipa kazi za nyumbani: wiki hii nitembee mpaka sokoni mwenyewe, nirudi na nyanya. Nimerudi nazo, zimepondeka, lakini nimerudi nazo. Daktari amesema nitaendelea miezi mingine, na muda wa kuacha ukifika tutapunguza pole pole, yeye na mimi, si mimi na nyie. Na kila asubuhi sauti inapita koridoni, "Fundi, umemeza?" na nyumba nzima inasubiri jibu.

Dada Upendo amekaa pale, upande wa kwaya. Leo ameimba. Siongezi neno hapo.

Namshukuru Mungu. Nilikuwa namngojea aje kwa radi, akaja kwa jirani muuza udi na binti mwenye kalamu. Ni yeye yule. Ninamwamini kuliko nilipokuwa napiga kelele. Kama uko hapa leo na moyo wako unakimbia bila kukimbizwa, au unawaza kwamba usipokuwepo hakuna kitakachopungua, njoo uniambie mimi, au mwambie aliye karibu yako, leo, usisubiri. Nitakuombea na nitakusindikiza hospitali, vyote viwili, kwa miguu, polepole, maana mimi mwenyewe uwanja ule bado naupita ukingoni. Na kama una vidonge nyumbani, vimeze kama ulivyoandikiwa. Ukitaka kuacha, muulize aliyekuandikia. Usiniulize mimi, na usiliulize kanisa wakati linashangilia.

Jana nilimsomea Mama Shani daftari hili lote pale barazani, toka mwanzo mpaka hapa. Alisikiliza huku anafunga udi kwenye karatasi, hakunikatisha hata mara moja. Nilipomaliza nikamuuliza anaonaje. Akasema: "Mara hii umesema kweli. Sasa kaa chini kabla hujaanza kuongeza."