Mashuka ya Zamu ya Usiku

Benchi la nje ya kibanda cha Kinyozi linatosha watu watatu, lakini jioni hukaa watano, na wa sita husimama akijifanya amechoka kukaa. Hapo mambo ya dunia huamuliwa kila siku, alimradi birika la Mama Kahawa liwe na kitu ndani. Jioni hiyo Dobi, mpiga pasi wa hoteli, alifika kimyakimya, akabanana na Wakili kwenye ncha ya benchi, akashika kikombe bila kukinywa mpaka kahawa ikapoa. Kijiwe kizima kikajua kuna jambo.

— Nani kakuudhi? akauliza Kinyozi, kitana mkononi ingawa mteja hana.

— Ofisi. Wanasema miezi mitatu wamenilipa kupita kiasi. Mwisho wa mwezi huu wanakata yote kwa mpigo. Kesho asubuhi naitwa nikakubali.

— Yote? Sasa wewe utabaki na nini?

— Nitabaki na afya.

Hakuna aliyecheka, na Dobi mwenyewe hakuwa na hamu ya kuchekesha. Mwenye nyumba anataka kodi yake. Na zile pesa za ziada zilishageuka godoro la watoto na ada ya binti mkubwa, na hakuna duka linalopokea godoro lililokwisha kulaliwa.

Wakili akajiweka sawa. Huyu sheria hajaisoma hata ukurasa. Aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mpaka wa shamba, na tangu siku hiyo hajapona.

— Hilo jepesi sana, bwana. Kosa lao, hasara yao. Pesa ikiingia mfukoni mwako, ukalala nayo usiku mmoja tu, kisheria imeshakuwa yako.

— Sheria ya wapi hiyo? akadakia Mama Kahawa.

— Sheria, mama. Sheria ni sheria.

— Haya. Juzi nilikuzidishia chenji. Umelala nayo?

Wakili akapaliwa na kahawa ambayo bado hajaimeza. Kinyozi akampigapiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

— Mimi nawaambia huo ni mtego, akasema Kinyozi. Wanakuzidishia makusudi, halafu wanakaa wanakuchungulia unanunua nini. Ukinunua viatu, wanasema huyu anataka kutoroka. Ukinunua godoro, wanasema huyu kachoka, tafuteni mwingine.

— Ndiyo maana lazima awadai fidia! Wakili akarudi kwa kishindo. Wamewazoesha watoto kulala vizuri. Wakirudi kulala chini, hayo si madhara? Hakimu yeyote mwenye watoto atalia machozi.

— Hebu nyamazeni kidogo, akasema Mama Kahawa, akaweka birika chini. Baba, wewe mwenyewe hukuona kwamba zimezidi?

Dobi akakitazama kikombe chake. Swali hilo alilikimbia tangu mchana.

— Niliona, mama. Nikadhani wamenipandisha. Msimamizi alipita siku moja akaniambia kazi yako inaonekana. Mwezi ulipoisha nikakuta nyongeza. Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu, leo wameniona.

Kukatwa mshahara kulimuuma, lakini kurudi kumwambia mkewe kwamba hakuna aliyemwona kulimuuma zaidi. Alikuwa ametembea miezi mitatu kichwa juu kwa sababu ya kosa la mtu.

— Sasa walikoseaje? akauliza Kinyozi, safari hii kwa upole.

Dobi akaeleza. Pale kwenye chumba cha kufulia, kila mpiga pasi ana uzi wa rangi yake. Ukimaliza robota la mashuka unalifunga kwa uzi wako, ili shuka likikutwa limeungua ijulikane ni la nani. Wake ni wa buluu. Kukicha karani huja, akahesabu nyuzi kwenye toroli la usiku, akaandika nani alikuwa zamu. Dobi ni wa mchana, ila huwahi sana, alfajiri kabla ya karani, na kila akifika hukuta marobota mawili matatu yamebaki, yamewashinda wa usiku waliokwisha kuondoka. Basi huyapiga pasi, akayafunga kwa uzi wake, akayapanga kwenye toroli lilelile.

— Karani kaona buluu kila siku, akaandika nimekesha. Juzi kaja mhasibu mpya, kakuta mtu anafanya kazi usiku na mchana miezi mitatu, kashangaa mbona sijafa.

— Simama hapo hapo! Wakili akanyanyuka. Yale mashuka si uliyapiga pasi wewe?

— Niliyapiga.

— Basi wamekuzidishia nini?

— Hakuna aliyenituma. Na hayakuwa ya usiku kucha, ni ya saa moja hivi.

Wakili akaketi tena, akakuna kidevu, na hilo halitokei mara nyingi.

— Sikiliza, baba, akasema Mama Kahawa. Isiyo yako irudi, usibishane nao hapo. Lakini irudi kwa utaratibu. Wakuwekee hesabu mezani, wakate kidogo kidogo, nyumbani pasilale njaa kwa kosa la karani. Na ile saa yako ya alfajiri uitaje, usiione haya.

— Mimi naongeza moja, akasema Kinyozi. Kuanzia kesho, shuka la usiku usiliguse! Liozee mezani. Hapo ndipo watakapokuona!

— Naam! akapiga paja Wakili. Hata foronya moja!

Benchi zima likashangilia, na Dobi kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Dawa ilikuwa tamu na haikuhitaji mahakama. Akanywa kahawa yake ya baridi kwa mkupuo mmoja. Hata foronya moja, akarudia kimoyomoyo.

Nyuma yao alikuwa amesimama mwanamke mwenye sare ya hoteli, mjamzito wa miezi mingi, mkono kiunoni. Ni wa zamu ya usiku, anapita kununua kahawa kabla hajaingia kazini. Alikuwa amesikia la Kinyozi na la Wakili, basi.

— Shikamooni. Kaka, akamwambia Dobi, kumbe ni wewe? Mimi siku zote nilidhani ni msimamizi kanipangia msaidizi.

Dobi akasogea ampishe nafasi. Dada hakukaa, alijua kuinuka kungemchukua muda.

— Sasa yatakayonishinda leo, nimwachie nani?

Hakuuliza kwa lawama. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ili ajipange. Wakili akamtazama Kinyozi. Kinyozi akaanza kusafisha kitana kilichokuwa safi. Mama Kahawa akamimina kikombe, akampa yule dada, akakataa malipo.

Ile hata foronya moja sasa ilikuwa chungu mdomoni mwa Dobi. Dada akasubiri kidogo, akanywa akiwa amesimama, akashukuru, akaenda kazini.