Metrine Nasimiyu, Aliyekimbia Juu ya Paa

Tumekuja kumsindikiza Metrine Nasimiyu, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1985 hapa Kamukuywa, kitinda mimba wa marehemu Mzee Jackton Simiyu na Mama Eucabeth.

Alisoma shule ya msingi ya hapa nyumbani, na kila penye mashindano ya mbio walimu walimtafuta yeye kwanza. Akiwa kidato cha pili mamake aliugua, akarudi kumtunza mpaka akapona. Masomo yakaishia hapo, mbio pia. Hilo la mbio lilimkaa rohoni: alitamani ashindane tena, hata mara moja tu, kabla miguu haijachoka.

Tarehe 16 Desemba 2006 aliolewa na Reuben Wafula. "Mimi sikumfikia," Reuben husema. "Alinihurumia akasimama."

Mwaka 2016 alienda Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kufanya kazi kwa madam Wahida. Alfajiri, kabla ya kuanika nguo, alikuwa akizunguka mbio juu ya paa, katikati ya matangi ya maji. Hala, binti wa nyumba, akamfuma.

"Metrine, nani anakufukuza?"

"Hakuna, madam. Naamsha magoti."

Kesho yake Hala akapanda na raba zake.

Familia ilipohamia Jeddah, Hala aliwaandikisha wote wawili mbio za wanawake za kando ya bahari, Ijumaa tarehe 17 Februari 2023. Madam akauliza nani atapika. "Leo tule mkate, mama," Hala akasema.

Mbio zilipoanza, Metrine alikimbia nyuma ya Hala, vile alivyomfuata dukani akimbebea mkoba. Miaka yote hiyo hakuwahi kumtangulia mtu wa nyumba ile, hata mlangoni. Hala akageuka akihema: "Yalla, nipite. Mkoba tumeuacha nyumbani."

Akapita. Akawapita wote. Madam alishuka garini, akamfungulia chupa ya maji kwa mkono wake mwenyewe. Medali mnayoiona juu ya jeneza ni ya siku hiyo.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Jeddah, na hata hospitalini alikataa kusukumwa kwa kiti, alitembea. Alitutoka tarehe 3 Machi 2025, Hala akiwa amemshika mkono.

Amemwacha mumewe Reuben, watoto wake Maryann na Fidel, mamake Eucabeth, na huko Jeddah, Hala, aliyetuma raba zake mwenyewe zizikwe na Metrine.

Mama Maryann, leo hufuati mtu nyuma. Tangulia kwa amani.